Paka wa msitu wa mlimani: kumtafuta kwa kamera, kumwondolea nyaya njiani

Anayetaka kuhifadhi paka mdogo wa porini huanza na kamera ya kufungwa mtini, inayopiga picha yenyewe mnyama akipita. Si vibaya. Ila kamera peke yake itakuletea picha nzuri za mnyama ambaye mwezi ujao atafia kwenye waya uliotegewa funo, swala mdogo wa msituni. Mara nyingi paka huyu hakutegewa yeye. Ananaswa kwa sababu anapita njia zilezile wanazopita mawindo yake, na mawindo yake ndiyo kitoweo cha watu. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi kamera, nyaya na kaya za ukingoni mwa msitu: vyote vinakaa kwenye ramani moja yenye gridi moja.

Mfano mkuu hapa ni paka wa dhahabu wa Afrika, Caracal aurata, katika misitu ya milima ya Bonde la Ufa la Magharibi kama Bwindi na Rwenzori nchini Uganda na Nyungwe nchini Rwanda. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamtaja kuwa mnyama aliye hatarini. Ndiye paka pekee wa Afrika ambaye maisha yake yote yameshikamana na msitu. Utaratibu huohuo unamfaa mondo wa milima ya Kenya na Tanzania, na tofauti zimeonyeshwa zinapohitajika.

Jua unayemtafuta

Paka wa dhahabu ana ukubwa wa kama mara mbili ya paka wa nyumbani. Rangi yake si moja: yuko mwekundu kama tofali, yuko wa kijivu, na wachache ni weusi tii. Wengine wana madoa mwili mzima, wengine tumboni na ndani ya miguu tu. Kwa hiyo usimtambue kwa rangi. Tazama masikio: ya mviringo, meusi kwa nyuma, bila vishungi. Kisha tazama mkia, ambao hauzidi nusu ya urefu wa mwili.

Hapo ndipo makosa mengi ya utambuzi yanapoisha. Simbamangu ana vishungi virefu vyeusi juu ya masikio na ni wa nyika kavu. Mondo ana miguu mirefu na masikio makubwa yaliyokaribiana kama ya popo. Kimburu, yule paka pori, ana wekundu nyuma ya masikio na mkia wenye pete unaoishia na ncha nyeusi. Kanu, ambaye ndiye huwadanganya wengi usiku, si paka kabisa: ana miguu mifupi na mkia wenye pete tele, mrefu karibu sawa na mwili. Picha ikionyesha mgongo tu bila kichwa wala mkia, iandike "haijatambulika" na uendelee na kazi.

Jua pia wapi usimtarajie. Tanzania rekodi yake inatoka Msitu wa Minziro mkoani Kagera, mpakani na Uganda. Ukiweka kamera Udzungwa, Usambara au Uluguru, panga utafiti wako kwa wanyama waliopo huko. Si kazi ya bure: mwaka 2000 ni kamera iliyompiga picha kanu wa Lowe huko Udzungwa, mnyama aliyekuwa akijulikana kwa ngozi moja tu iliyopatikana mwaka 1932. Ukipanda Kilimanjaro, Aberdare au Mlima Kenya, paka wako ni mondo, naye hupanda hadi karibu mita 3,800 kwenye majani ya juu ya mstari wa miti. Aberdare ina mondo weusi, na picha ya mmoja wao isiyo wazi imewahi kuitwa mambo mengi.

Anavyoutumia msitu

Bwindi inaanzia mita 1,160 na kuishia 2,607 juu ya bahari, na nchini Uganda paka wa dhahabu amerekodiwa hadi mita 3,600. Kwa hiyo mwinuko wenyewe haumzuii. Kinachomwongoza ni chakula na maficho. Anakula panya, kindi, ndege wa ardhini kama kwale, perere anaposhuka, na swala wadogo kama chesi na funo. Hao wote hupenda vichaka vizito vya chini: kingo za vijito, mahali mti mkubwa ulipoanguka na kufungua mwanga, na msitu uliokatwa zamani ambao sasa unafunga tena. Msitu mkongwe wenye sakafu tupu unapendeza macho ya binadamu, lakini panya wake ni wachache.

Kuwinda huwinda vichakani, lakini kusafiri husafiri njiani. Miteremko ya mlimani ni mikali na yenye utelezi, hivyo wanyama wote, tembo kwa sange, hufuata migongo ya vilima, vivuko vya vijito, na barabara za zamani za kukatia mbao. Utamwona mchana na usiku, kwa hiyo kamera haina ruhusa ya kulala saa yoyote.

Chui ni habari ya kuuliza mapema. Alipo, paka wa dhahabu huishi kwa tahadhari, ingawa watu wa sehemu nyingi za msitu humwita "ndugu wa chui". Bwindi chui ameshatoweka, kwa hiyo paka wa dhahabu ndiye paka mkubwa aliyebaki.

Yote hayo lakini hayamgusi kama binadamu anavyomgusa. Utafiti wa Gabon uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta paka wa dhahabu kama 16 katika kila kilomita za mraba 100 za msitu usioguswa, na wasiofika 4 karibu na vijiji vinavyowinda. Msitu uliokatwa mbao kwa utaratibu, na usiowindwa, ulibaki na paka wengi. Maana yake kwa anayepanga kazi ni kwamba waya unamwathiri kuliko shoka.

Vibali kabla ya viatu

Anza miezi minne hadi sita kabla. Uganda utahitaji kibali cha UNCST, baraza la taifa la sayansi, na cha mamlaka ya wanyamapori UWA. Kwa hifadhi za misitu, mamlaka ya misitu NFA. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi, pamoja na WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kisha mwenye eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, TFS kwa hifadhi za misitu ya mazingira asilia. Rwanda huendi popote bila RDB, bodi ya maendeleo. Ukikusudia kukusanya kinyesi kwa ajili ya vinasaba na kukipeleka nje ya nchi, paka wa dhahabu yumo katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo sampuli zake zina kibali chao peke yake.

Barua za serikali hazitoshi. Mwenyekiti wa kijiji, wazee na kamati ya mazingira wajue kamera ni za nini, na wajue kabla hazijafungwa. Katika mkutano huo huo amueni juu ya picha za watu. Ushauri wetu hauna kigugumizi: picha za akina mama wanaookota kuni au waganga wanaochimba mizizi zifutwe, na zisipelekwe kwa askari. Siku picha moja ya kamera ya utafiti itakapomfunga mtu, hesabu kamera zako zilizobaki, maana zitaanza kupotea wiki hiyohiyo.

Gridi

Chukua mfano wa msitu wa kilomita za mraba 100. Uchore kwa miraba ya kilomita 1.5 kwa 1.5, yaani kilomita za mraba 2.25 kila mmoja, na utapata miraba kama 44. Ipe majina ya herufi na namba, A1, A2, B1, na kuendelea. Majina haya ndiyo yatakayotumika kwenye fomu za kamera, fomu za doria ya nyaya, na orodha ya kaya. Timu nyingi hukosea hapa: watafiti wana gridi yao, askari wana majina ya mito, kijiji kina vitongoji, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema kama paka wamepungua pale nyaya zilipozidi.

Kamera 22 zinatosha kwa mizunguko miwili: miraba 22 kwa siku 45, kisha zihamishiwe miraba 22 iliyobaki kwa siku nyingine 45. Ukizidisha 44 kwa 45 unapata usiku wa kamera 1,980. Panga kupoteza sehemu ya kumi kwa betri, tembo na wizi, na nunua kamera mbili au tatu za akiba.

Je, siku 45 zinatosha? Fanya hesabu hii kabla ya kununua chochote. Tuseme paka yupo kwenye mraba, na kamera ina nafasi ya asilimia 20 kumpiga picha katika kila siku 9. Siku 45 ni vipindi vitano. Nafasi ya kumkosa vipindi vyote ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani 0.33. Theluthi ya miraba yenye paka itaonekana haina paka! Ukiweka kamera mbili kwenye kila mraba, mbalimbali, nafasi ya kumkosa inashuka hadi karibu 0.11. Ndiyo maana ni afadhali kuchunguza nusu ya msitu kwa kamera mbili kila mraba kuliko msitu mzima kwa kamera moja moja halafu kutangaza paka hayupo.

Kama lengo ni kuhesabu paka mmoja mmoja, na si kujua tu alipo, mambo yanabadilika. Kila kituo kinataka kamera mbili zinazotazamana ili upate ubavu wa kulia na wa kushoto wa mnyama yuleyule, vituo vikae kilomita 1 hadi 1.5 baina yao, na zoezi lote liishe ndani ya siku 90 hivi ili waliozaliwa, waliokufa na waliohama wasikuvurugie hesabu. Kamera za kutazamana usizielekeze uso kwa uso kabisa. Ziachie hatua mbili kando, la sivyo mwanga wa moja utaipofusha nyingine. Mfanano wa mnyama utautafuta kwenye mistari ya ndani ya miguu ya mbele na madoa ya tumbo. Paka asiye na madoa ubavuni ni kichwa cha kuuma, na utalazimika kuwa na watu wawili wanaolinganisha picha kila mmoja peke yake kabla ya kukutana.

Kufunga kamera

Mfuko wa mtu mmoja kwa kituo kimoja ubebe: kamera iliyokwisha wekwa tarehe na saa, betri za AA, nane au kumi na mbili kulingana na aina, memori kadi mbili za GB 16 au 32, moja ya kazi na moja ya akiba, kasha la chuma na kufuli la kebo, mkanda, pakiti mbili za silika jeli, futi ya fundi, GPS, kitambaa kikavu, panga, na kijiubao cha kuandikia jina la kituo.

Betri kwanza. Litiamu hustahimili baridi ya mita 2,500 na hudumu, lakini bei yake ni kali. Za kuchaji zinafaa zikiwa za aina isiyojimaliza zenyewe, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, na usiku wa baridi mwanga wa kamera hufifia kabla onyo halijatokea. Alkali za dukani zitakuacha njiani. Usichanganye mpya na nzee hata moja: iliyo dhaifu huzivuta zote chini, na mara nyingine huvuja kemikali ndani ya kamera.

Sasa mti. Fika kwenye mraba, tafuta ndani ya mita 100 za katikati yake njia ya wanyama yenye dalili: nyayo, kinyesi, majani yaliyolala. Ukikosa, fuata mgongo wa kilima ulio karibu. Chagua mti wenye unene wa paja, usioyumba kwa upepo, ulio mita 2 hadi 3 kutoka katikati ya njia.

Kimo ndipo milimani watu wanapokosea. Kamera ya paka inataka lenzi iwe sentimita 35 juu ya njia. Sio juu ya shina la mti. Mti ukiwa upande wa juu wa mteremko, sentimita 35 kutoka shinani zinaweza kuwa mita nzima juu ya njia, na utapata picha za migongo ya paka na nyuso za nyani. Funga uzi kwenye lenzi, uvute mlalo hadi juu ya njia, na pima kutoka hapo kwenda chini. Ikibidi, kata kijiti ukipachike nyuma ya kamera juu ili itazame chini kidogo. Bora zaidi ni kuchagua mti ulio kwenye usawa uleule na njia, kamera ikitazama kando ya mteremko na si kuuangalia juu wala chini.

Usiielekeze mashariki wala magharibi. Kihisi hakitazami mwendo tu. Kinapima tofauti ya joto inayokatiza mbele yake, na jua la asubuhi likipasha jani moja linaloyumba, kamera itadhani ni mnyama. Picha tatu kila nusu dakika kwa saa kumi ni picha 3,600 za jani. Kwa hiyo fyeka majani yaliyo mbele ya lenzi hadi mita 4, lakini fyeka kwa mkono na si kwa hasira: uwanja mweupe katikati ya msitu humfanya paka azunguke, na humwita mtu.

Mipangilio: picha tatu kila mara, bila kungoja kati ya tukio na tukio, unyeti wa juu, saa 24. Usiweke chambo wala manukato. Vinavuta paka kutoka mbali, na hapo hutajua tena kama mraba ule ni wake au alikuja kunusa.

Kabla ya kuondoka, washa hali ya majaribio, kisha pita mbele ya kamera kwa magoti na mikono, kichwa kikiwa chini kama cha mnyama, kutoka kila upande. Taa ikiwaka kabla hujafika katikati ya njia, imekaa vizuri. Ikiwaka ukishapita, igeuze. Mwisho shika kijiubao mbele ya lenzi kikiwa na jina la kituo, tarehe na saa ya simu yako. Picha hiyo moja itakuokoa siku kamera itakapojirudisha mwaka 2010 kwa sababu betri zilichezacheza.

Ukaguzi, na vinavyoharibika

Rudi baada ya siku 20 hadi 25. Mara nyingi zaidi ya hapo unaacha harufu na mkondo wa nyayo ambao majangili nao huufuata. Kamera ikiwa na maji, usiiwashe. Toa betri na kadi, ifungie kwenye mfuko wenye silika jeli mpya. Silika jeli yenye rangi ikigeuka, ikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo na itumike tena. Siafu na sisimizi hupenda joto la kamera na kujaza kihisi. Wapanguse kwa brashi, na usipulize dawa ya wadudu, maana harufu yake itadumu kuliko utafiti wako. Tembo hung'oa asichokielewa. Baada ya kung'olewa mara mbili, hamisha kamera mita 30, andika uhamisho, na usishindane naye.

Kinyesi ukikikuta njiani, usitangaze ni cha paka wa dhahabu. Kwa macho hakitenganishwi kwa uhakika na cha mondo wala cha kanu aliyeshiba. Vaa glavu, chukua kipande cha nje kiasi cha ncha ya kidole, kitie kwenye chupa yenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kimiminika kikiwa angalau mara nne ya kinyesi. Kilichobaki kiweke kwenye bahasha ya karatasi kwa ajili ya manyoya na mifupa. Mfuko wa plastiki huotesha ukungu kwa siku mbili.

Kutoka picha hadi majibu

Nakili kadi mara mbili, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, kabla ya kufuta chochote. Kwenye jedwali weka safu hizi: mraba, kituo, tarehe, saa, mnyama, idadi, jina la aliyetambua, na uhakika wake. Picha za mnyama wa aina ileile kituo kilekile ndani ya dakika 60 zihesabiwe tukio moja. Kisha ugawe siku 45 katika vipindi vitano vya siku tisa, na kwa kila kituo uandike 1 alipoonekana, 0 asipoonekana, na alama ya kukosa pale kamera ilipokuwa imekufa. Hiyo alama ya kukosa ndiyo husahaulika. Kamera iliyozimika siku ya kumi si ushahidi kwamba paka hakupita siku ya thelathini. Jedwali hilo likienda kwenye programu ya makadirio ya makazi, pamoja na mwinuko, uzito wa vichaka, umbali hadi ukingo wa msitu na idadi ya nyaya, utapata jibu linaloweza kutetewa mbele ya mtu yeyote.

Nyaya

Kazi hii ifanywe na askari wenye mamlaka wakiwa pamoja nanyi. Raia aliyekamatwa msituni na nyaya ishirini begani atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Mtego wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ni kipande cha waya wa breki ya baiskeli, kwa kawaida chini ya mita mbili, kimepindwa ncha moja kuwa tundu, ncha ya pili imepitishwa humo ikawa kitanzi cha upana wa kama shibiri. Kimefungwa kwenye mzizi, au kwenye mti mchanga uliopindwa ambao utafyatuka juu. Waya umepitishwa motoni ili usimetemete. Macho yako hayatauona waya. Yatauona uzio: vijiti vilivyochomekwa pande mbili za njia kwa urefu wa goti, vinavyomlazimisha mnyama kupita kwenye tundu moja. Tafuta mti mchanga uliopinda bila kuangukiwa na kitu, na vishina vilivyokatwa mshazari kwa panga. Vishina vikiwa bado vyeupe, mtegaji alikuwa hapo wiki hii.

Tembeeni watu wanane kwa mstari, mita 10 kutoka mtu hadi mtu, mkifuata usawa wa mteremko. Mstari huo unafagia upana wa mita 80. Kilomita moja ya mraba itataka mikondo 13 ya kilomita moja moja, kazi ya siku mbili hadi tatu milimani. Kwa hiyo hamtaufagia msitu wote, na msijidanganye. Anzeni na miraba ambayo kamera zimeonyesha paka na ambayo ni karibu na ukingo. Hapo tangulizeni migongo ya vilima, kingo za vijito na mahali pa chumvi. Ongezeni doria kabla ya Krismasi, Pasaka na Idi, na kabla ya shule kufunguliwa, ada zinapotafutwa.

Kila waya ulioonekana: piga picha, chukua nukta ya GPS, andika mraba, aina ya waya, kama umetegwa au umelegea, na kilichomo. Kisha fyatua mti kwa kijiti kirefu ukiwa umesimama kando, kata kitanzi kwa koleo, na utoke na waya wote. Waya uliotupwa kichakani utategwa tena kesho.

Msihesabu nyaya tupu. Nyaya 12 katika kilomita 4 ni 3 kwa kilomita. Nyaya 12 katika kilomita 10 ni 1.2. Anayeripoti "12 na 12, hali haijabadilika" amekosea mara mbili na nusu. Pia jipimeni: mtu mmoja afiche vitanzi 20 vilivyolegezwa visivyoweza kunasa, aviandike vyote kwenye GPS, kisha timu ipite. Mkipata 12, macho yenu yanaona asilimia 60, na doria iliyoleta nyaya 30 ilipita kwenye kama 50. Vitanzi vya majaribio vitolewe vyote siku hiyohiyo, kwa hesabu.

Mnyama akikutwa hai mtegoni, rudini mita 30, mnyamaze, mpigieni daktari wa wanyamapori, na abaki mtu mmoja wa kuangalia. Msikate waya mkamwacha akimbie na kitanzi mguuni. Damu imezibwa, na nyama itaoza akiwa mbali na macho yenu. Paka wa kilo 10 aliyenaswa anafika kwenye mfupa wa mkono kwa kuuma mara moja. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Ukingoni mwa msitu

Orodhesheni kaya za miraba ya ukingo, na muulize mambo mawili: nani amepoteza kuku, na nani hula nyamapori kwa sababu hana nyama nyingine.

La kwanza lina dawa ya fundi. Banda la usiku liinuliwe sentimita 60 hadi 80 kutoka ardhini kwa nguzo, kuku watano kwa mita moja ya mraba, madirisha yafungwe wavu wa chuma wa tundu la nusu inchi. Wavu laini wa kuku wa tundu kubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii kanu kuingiza mkono. Mlango ufunguke kwa nje na uwe na komeo la kugeuza. Banda likiwa chini, wavu uzikwe sentimita 30. Na lifungwe kabla ya magharibi. Banda zuri lililo wazi saa moja usiku ni sahani.

La pili ni gumu zaidi, na njia inayoonekana kushika ni ya mifugo ya kuzungushana. Shirika la Embaka, lililoanzishwa na mtafiti wa Uganda Badru Mugerwa, linachukua jina lake kutoka jina la wenyeji la paka huyu, na miongoni mwa kazi zake pembezoni mwa Bwindi ni kuzipa familia nguruwe wa kufuga ili nyama na fedha vitoke nyumbani. Tanzania watu wanaijua sura hiyo kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Mama nguruwe hubeba mimba siku kama 114. Kaya iliyopokea inarudisha watoto wawili wa kike wa uzao wa kwanza kwa kikundi, nao wanaenda kwa kaya inayofuata. Masharti yaandikwe, pamoja na ahadi ya kutotega. Hatari kubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, inayoweza kumaliza zizi zima kwa wiki, na nguruwe pori hubeba virusi vyake. Hivyo nguruwe asiachiwe kuzurura karibu na msitu, na mabaki ya chakula yachemshwe kabla ya kumpa. Kwa kaya za Kiislamu toeni mbuzi au mizinga ya nyuki. Kuwauliza baada ya nguruwe kufika ni kujitafutia aibu.

Mbwa wachanjwe kichaa wakiwa na miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Paka wa nyumbani wahasiwe, hasa maeneo yenye kimburu, kwa kuwa wanazaliana naye na damu yake inapotea bila kishindo.

Mwaka wa pili

Rudieni miezi ileile, mipangilio ileile, miti ileile. Ndiyo sababu ya kupiga picha ya kila mti ukiwa na kamera yake mnapouacha, na kuutia alama ya rangi ndogo upande usioonekana kutoka njiani. Mti ukiwa umeanguka, chagueni mwingine ndani ya mita 30 na mwandike. Kisha futi itoke tena mfukoni: sentimita 35, kutoka njiani.